Mama ana miaka 84 na amepata kiharusi: je, umri ni sababu ya kutomtibu?

Mleta uzi

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya sentensi moja niliyoambiwa mlangoni mwa chumba cha dharura, nikiwa bado nimeshika kiatu kimoja cha mama mkononi: "Kwa umri wake, tumwachie Mungu." Mama alikuwa na miaka 84. Jana yake alikuwa amefua nguo zake mwenyewe, na alikuwa anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu wake bila kuandikiwa mahali. Aliyeniambia hivyo hakuwa mtu mbaya. Aliona ajuza amelazwa juu ya machela, mdomo umekwenda upande, akaona umri kwenye fomu, akafikia hitimisho ambalo wengi wetu tungelifikia. Sikumjibu kwa kuwa sikuwa na la kujibu. Leo ninalo, na ningependa mtu alisome kabla hajafika mlangoni pale.

Nianze na jinsi ilivyotokea. Dalili ya kwanza niliiona kwenye kifungo, kabla ya mdomo. Mama alikuwa anafunga vifungo vya gauni lake, mkono wa kulia ukaacha kazi katikati ya kifungo cha tatu, akawa anautazama kana kwamba si wake. Nilipomwita, aliitika kwa sauti tu, maneno hayakuja. Sisi tulifanya nini? Tulimlaza, tukamkanda mkono, tukampigia simu kaka mkubwa ili atoe uamuzi, tukamsubiri afike. Saa moja na robo ilikwenda hivyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanaonyesha kwamba mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, chembe za neva takriban milioni 1.9 hufa kila dakika, na ninapoikumbuka ile saa na robo ya kumsubiri kaka, hesabu hiyo bado inaniuma.

Kiharusi ni cha namna mbili. Kipo kinachotokana na donge la damu kuziba mshipa wa ubongo, ambacho ndicho kinachotokea zaidi, na kipo kinachotokana na mshipa kupasuka na damu kuvujia ndani ya kichwa. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, hata ukiwa daktari bingwa. Inahitajika picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya mionzi. Ndiyo maana kumpa mgonjwa aspirini nyumbani ili "kuiwahi" ni hatari: ikiwa damu inavuja, umeiongezea njia ya kuvuja.

Ikithibitika kwamba ni kuziba, ipo dawa ya kuyeyusha donge inayoitwa alteplesi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze, wagonjwa wengi zaidi hubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza muda huo hadi saa 4 na nusu. Hapa ndipo ninapoomba msome polepole: utafiti huo wa 2008 haukuwachukua watu waliozidi miaka 80. Wazee hawakuwemo, na kutokuwemo kwao kukageuzwa kuwa ushahidi dhidi yao, kana kwamba walijaribiwa dawa ikawashinda. Miaka 4 baadaye, utafiti wa IST-3 uliwachukua wagonjwa 3035, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamevuka miaka 80. Faida kwa hao wazee haikuwa ndogo kuliko ya wale walio chini yao.

Sitaficha upande wa pili. Katika utafiti wa 1995, takriban wagonjwa 6 katika kila 100 waliopewa dawa walivuja damu kichwani kiasi cha kuzidiwa, ilhali kati ya wasiopewa hawakufika hata 1 katika kila 100. Hata hivyo, baada ya miezi 3, vifo katika kundi lililopewa dawa havikuwa vingi zaidi. Ni kweli pia kwamba mzee, akitibiwa au asitibiwe, hupona kwa shida kuliko kijana na hufariki zaidi. Lakini mlinganisho wa haki ni kati ya mzee aliyetibiwa na mzee ambaye hakutibiwa, na mimi pale mlangoni niliwekewa mlinganisho mwingine kabisa.

Kilichomwokoa mama ni daktari wa pili aliyepita na kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Jana alikuwa anaweza kufanya nini?" Nikamweleza. Akaagiza CT. Dawa iliingia mshipani zikiwa zimebaki dakika chache muda ukatike.

Ninaomba wenye uzoefu wachangie, hasa kuhusu yanayofuata baada ya siku ya kwanza, na kuhusu gharama, kwa maana hapo ndipo familia nyingi zinapovunjika.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Pole sana, mleta uzi, na ahsante kwa kuliweka jambo hili wazi. Nimewauguza wagonjwa wa kiharusi kwa miaka mingi na ningependa kuongeza mambo ambayo hayatajwi sana kwa sababu hayana mashine kubwa ndani yake.

Dawa ya kuyeyusha donge huwafikia wagonjwa wachache tu, kwa kuwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Linalowafaa karibu wote, kijana kwa mzee, ni kulazwa katika wodi maalumu ya kiharusi, yaani wodi ambayo wauguzi, madaktari, wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa usemi wanafanya kazi pamoja na wanaujua ugonjwa huu. Tafiti zilizojumlishwa kwa miongo kadhaa zinaonyesha kwamba wodi za namna hiyo hupunguza vifo na ulemavu katika rika zote.

Nitaje mfano mmoja wa kinachofanyika huko. Mgonjwa analetwa usiku, ndugu zake wanaona midomo imekauka, wanampa maji kwa upendo. Koo limepooza upande mmoja, maji yanapita njia ya hewa, na mara nyingine mgonjwa hata hakohoi, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba amepaliwa. Baada ya siku 3 anapata homa ya mapafu, na wengi huondoka kwa homa hiyo wakati donge la kichwani halikuwaua. Kipimo cha kumeza ni rahisi: mgonjwa akalishwe wima, apewe kijiko kimoja cha maji, asikilizwe sauti yake kama inakuwa ya majimaji, kisha kijiko cha pili. Kinafanywa na aliyefundishwa, na kabla yake mgonjwa asipewe chochote mdomoni, vidonge vikiwemo. Gharama yake ni dakika chache na kijiko.

Jambo la pili ni damu kuganda miguuni. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yuko hatarini kupata donge kwenye mshipa wa mguu, ambalo likichomoka huenda kuziba mapafu. Zamani tuliwavalisha soksi ndefu za kubana. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba soksi hizo hazikuwasaidia wagonjwa wa kiharusi, zaidi ya kuwachubua ngozi. Kilichosaidia ni mifuko ya plastiki inayofungwa miguuni na kujaa upepo kwa zamu: mwaka 2013, kati ya wagonjwa 2876, walioganda damu kwenye mishipa ya juu ya goti walipungua kutoka asilimia 12.1 hadi 8.5.

Na kwa wale wanaotaka kumsimamisha mzee siku hiyo hiyo "asije akazoea kitanda": utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuwatoa wagonjwa kitandani mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yao ya kupona vizuri. Aanze mapema, lakini kidogo kidogo.

Mtoto wa Tatu

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini naomba niweke neno la tahadhari, kwa sababu uzi huu unaweza kumfanya mtu aone kwamba kila tiba lazima itolewe kwa kila mzee.

Baba yangu alipata kiharusi kikubwa akiwa na miaka 79. Nusu ya ubongo ilivimba. Tuliitwa chumbani, tukaelezwa kwamba linaweza kufanyika pasuo la kuondoa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi. Daktari alitueleza kwa uaminifu mkubwa, na ninamshukuru hadi leo. Alisema upo utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2014, wa wagonjwa 112 waliozidi miaka 60. Baada ya miezi 6, kati ya wasiofanyiwa pasuo walikuwa wamefariki 70 katika kila 100, na kati ya waliofanyiwa walifariki 33. Tuliposikia hivyo sote tulisema, "Afanyiwe." Akatuomba tusubiri amalizie. Hakuna mgonjwa hata mmoja, wa kundi lolote, aliyerudi kujitegemea. Wengi walioishi hawakuweza kutembea wala kujihudumia bila msaada.

Dada yangu ndiye aliyevunja ukimya. Alikumbusha kwamba baba, alipokuwa anamuuguza kaka yake, alisema mara mbili mbele yetu kwamba yeye asingetaka kuishi hivyo. Hatukukubali pasuo. Alifariki siku ya nne, amesafishwa, ameshikwa mkono, hana maumivu. Sijutii, ingawa kila mwaka tarehe hiyo hunikuta nikiwaza upya.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi ni hili: mpaka uko wapi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, pole kwa msiba wa mzee, na ahsante kwa kulisema jambo hili kwa ujasiri. Naamini mimi na wewe tunasimama upande mmoja. Nyinyi hamkukataa pasuo kwa sababu ya miaka 79. Mlikataa kwa sababu mlijua matokeo yake na mlijua neno la baba. Ninachokipinga ni uamuzi unaotolewa bila hayo mawili.

Hata tiba zenyewe hazifanani. Lile pasuo huokoa uhai na kuacha ulemavu mkubwa. Kulivuta donge kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kichwani ni jambo la namna nyingine. Tafiti 5 zilizochapishwa kati ya mwishoni mwa 2014 na 2015 zilijumlishwa mwaka 2016, jumla ya wagonjwa 1287 walioziba mishipa mikubwa, na ilionekana kwamba katika kila wagonjwa 100 waliovutwa donge, 38 hubaki na ulemavu mdogo kuliko ambao wangebaki nao bila tiba hiyo. Waliovuka miaka 80 nao walifaidika. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu, tiba hiyo inaweza kusaidia hata ndani ya saa 24. Vituo vyenye uwezo huo ni vichache na vifaa vyake ni ghali mno, jambo ambalo linanirudisha kwenye swali la gharama.

Mhasibu Mstaafu

Swali la gharama naomba nilijibu mimi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na kwa kuwa mke wangu, mwenye miaka 76 sasa, anaishi na kiharusi tangu miaka 5 iliyopita.

Siku alipolazwa nilifungua daftari lenye safu mbili, moja ya hospitali na moja ya nyumbani. Safu ya hospitali ilijaa haraka mno, ikanitisha, na siku ya 11 ikakoma. Safu ya nyumbani sasa ina kurasa 40 na bado naiandika. Ndani yake kuna nepi, kuna mipira ya mkojo, kuna dawa ya vidonda vya kulalia vya mwaka wa kwanza ambavyo vingezuilika kama tungejua kumgeuza kila baada ya saa chache, kuna nauli za kliniki, kuna fundi aliyepanua mlango wa choo. Na kuna mstari ambao sikuwahi kuuandikia kiasi: binti yetu aliacha kazi. Mshahara wake, michango yake ya uzeeni, na cheo ambacho angekuwa amekifikia, vyote hivyo ni gharama ya kiharusi, lakini havipo kwenye stakabadhi yoyote.

Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema dawa ya kuyeyusha donge ni ghali mno kwa mzee, huwa namwomba aweke mbele yangu safu zote mbili. Ikiwa dawa ya siku moja inamfanya mgonjwa aende chooni mwenyewe badala ya kubebwa, miaka 5 ya safu ya pili inabadilika kabisa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza alteplesi kwa ajili ya kiharusi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Kwa mtazamo wangu mzee hana sababu ya kupangwa mwisho kwenye foleni ya dawa hiyo, kwa maana mzee mlemavu humhitaji mtu mwingine mzima wa saa zote, na mtu huyo mara nyingi ni binti au mkwe ambaye hakuulizwa.

Pia yapo mambo ya bei ndogo ambayo tunayapita. Aspirini, baada ya CT kuonyesha kwamba hakuna kuvuja, ikianzwa ndani ya saa 48 huzuia vifo au viharusi vipya takriban 10 katika kila wagonjwa 1000. Namba hiyo ni ndogo, lakini kidonge hicho karibu kila mtu anaweza kukipata.

Mlezi wa Bibi

Shikamooni wakubwa zangu. Bibi yangu ana miaka 87, ana uzito wa kilo 52, na moyo wake unadunda bila mpangilio. Alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, lakini ameanguka mara 3 mwaka huu, na kwenye kliniki wameiondoa, wakampa aspirini "iliyo salama zaidi kwa wazee." Je, ni sahihi?

Mfamasia

Marahaba, mjukuu. Bila kumwona bibi siwezi kukuamulia, lakini nitakupa hoja za kwenda nazo kliniki.

Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama, ikituama huganda, na donge likichomoka hukimbilia ubongoni. Hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5, na viharusi vyake huwa vikubwa. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza waliwalinganisha watu 973 wenye miaka 75 na zaidi, nusu wakitumia warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, na nusu aspirini. Kwa mwaka, waliopata kiharusi kibaya au donge lingine kubwa walikuwa asilimia 1.8 kwa warfarini na 3.8 kwa aspirini, na kuvuja damu kwingi hakukutofautiana kwa namna ya kueleweka. Kwa hiyo aspirini katika hali hii haimkingi bibi vya kutosha, na usalama wake si mkubwa kama unavyodhaniwa.

Kuhusu kuanguka, mwaka 1999 watafiti walipiga hesabu wakaona kwamba mtu angelazimika kuanguka takriban mara 295 kwa mwaka ndipo hatari ya kuvuja damu kichwani kutokana na warfarini izidi faida yake. Hesabu hiyo ni ya makadirio na haimaanishi kuanguka kupuuzwe. Tafuteni kwa nini anaanguka: macho, viatu, dawa za usingizi, presha inayoshuka anaposimama. Mara nyingi chanzo kinarekebishika.

Kuhusu dawa ipi, warfarini ni ya bei nafuu lakini damu hupimwa mara kwa mara ili kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kibaki kati ya 2 na 3, na kwa mzee asiyeweza kusafiri unafuu huo humezwa na nauli. Apiksabani na dawa nyingine mpya za kuzuia damu kuganda hazihitaji kipimo hicho, lakini zinahitaji figo zichunguzwe. Dozi ya apiksabani hupunguzwa hadi miligramu 2.5 mara 2 kwa siku iwapo mgonjwa ana mambo 2 kati ya 3: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au pungufu, na kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha hali ya figo) iliyofika mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Bibi yako, kwa umri na uzito, tayari anayo mawili. Lakini tahadhari: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wazee dhaifu ambao tayari walikuwa wametulia kwenye dawa za jamii ya warfarini walivuja damu zaidi walipohamishiwa kwenye dawa mpya. Aliyetulia asihamishwe kwa sababu tu dawa mpya ipo.

Muulizeni pia kama ananunua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti. Hizo zikichanganywa na dawa ya kuzuia damu kuganda humfanya avuje damu tumboni kimyakimya. Na presha yake itibiwe: utafiti wa HYVET wa mwaka 2008, uliowahusu watu 3845 wenye miaka 80 na zaidi, ulionyesha kwamba kuitibu kulipunguza vifo vya kiharusi kwa asilimia 39.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Niongeze moja kwa Mlezi wa Bibi: mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, au pumzi ikikatika ghafla, asiambiwe ni uzee. Apelekwe siku hiyo hiyo. Donge la mguuni au la mapafuni hutibiwa kwa muda usiopungua miezi 3.

Mlezi wa Bibi

Nimewaelewa, na kliniki ni Jumatatu. Mleta uzi, samahani, hukutuambia mama anaendeleaje. Na kama yakitokea tena, ungefanya nini tofauti pale mlangoni?

Mleta uzi

Mama anatembea kwa fimbo. Maneno yamerudi isipokuwa majina ya vitu, kikombe anakiita "kile cha kunywea", na mkono wa kulia unachoka mapema. Hushinda na huzuni siku nyingine, jambo ambalo tumeelezwa kwamba huwapata takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi, na anatibiwa.

Nimeandika karatasi moja. Mstari wa kwanza ni wa kujaza palepale: saa ya mwisho ambayo alionekana mzima, wala si saa tuliyomkuta, kwa kuwa madaktari huhesabu muda kuanzia hapo. Wa pili unaeleza anachoweza kufanya mwenyewe kwa wakati huu. Wa tatu una dawa zake zote na saa alipomeza mara ya mwisho, maana sasa naye anatumia apiksabani, na aliyeimeza karibuni kwa kawaida hapewi ile ya kuyeyusha donge, bali huangaliwa kama donge linaweza kuvutwa. Wa nne una maneno yake mwenyewe kuhusu anachokitaka na asichokitaka. Alituamuru tuandike kama alivyosema, bila kulainisha.

Karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Kila tarehe mosi kaka mkubwa humsomea kwa sauti, naye hurekebisha; mwezi uliopita alifuta "anafunga vifungo kwa msaada."